Nyumba ya Kichina ya Potsdam na Banda la Bustani la Bangwe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni eneo la Bangwe, hapa Kigoma, alitaka kujenga banda katika bustani yake, mahali ambapo maharusi wangepigiwa picha na wageni wangekaa jioni wakitazama ziwa. Picha aliyomwonyesha fundi haikuwa ya banda la nyasi kama yale tuliyoyazoea ufukweni. Ilikuwa picha ya Nyumba ya Kichina, jengo dogo la mapambo lililomo katika bustani ya kasri la Sanssouci mjini Potsdam, Ujerumani, ambayo binti yake aliipiga alipopita huko. Jengo hilo lina rangi ya kijani na dhahabu, paa lake lina umbo la hema, na nguzo zake zimechongwa kama mashina ya miti, zikifunguka juu kuwa majani. Fundi alipomuuliza ni kitu gani hasa kilichompendeza, mama aliweka kidole juu ya nguzo.

"Hii si michikichi, fundi? Watu wameiweka kwenye jumba la mfalme wakaipaka dhahabu, na sisi tunayo shambani tunaipita tu."

Fundi alikubali kwamba inafanana na michikichi na kwamba kazi inawezekana. Shemeji yake mama, ambaye ndiye anayesimamia hesabu za nyumba ya wageni, aliona kwamba fedha zinakwenda kutupwa. Mimi niliitwa kuchora ramani, na kabla ya kuchora nililazimika kujibu swali ambalo wote watatu walikuwa wakilizunguka: katika jengo lile la Potsdam, ni sehemu gani inayofanya kazi, ambayo inaweza kuhamia kwenye kiwanja cha Bangwe, na ni sehemu gani inayosimama kwa sababu tu ipo Potsdam?

Historia yake inasaidia sana kulijibu swali hilo. Kasri la Sanssouci lilijengwa kati ya 1745 na 1747 kwa ajili ya Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, na msanifu wake alikuwa Georg Wenzeslaus von Knobelsdorff. Nyumba ya Kichina ilifuata baadaye. Mfalme mwenyewe alichora wazo la kwanza, naye msanifu Johann Gottfried Büring akaligeuza kuwa jengo. Ujenzi ulianza 1755, lakini mwaka uliofuata Prussia iliingia katika Vita vya Miaka Saba, fedha zikaelekezwa jeshini, na jengo ambalo kwa ukubwa wake lingeweza kumalizika katika muda mfupi likakamilika 1764, mwaka mmoja baada ya vita kwisha. Nilimweleza shemeji habari hiyo kwa makusudi, kwa sababu hofu yake kubwa ilikuwa kwamba kazi itasimama katikati. Kwa banda la mapambo hofu hiyo ni ya haki kabisa, kwa kuwa fedha zinapopungua jengo la namna hii ndilo la kwanza kuachwa, hata na mfalme.

Wakati huo watawala wa Ulaya walikuwa wamevutiwa mno na vitu vya China. Chai, hariri na vyombo vya kaure vilifika kwa meli kutoka Guangzhou, na Friedrich mwenyewe alianzisha kampuni ya biashara ya Asia katika bandari ya Emden mwaka 1751. Hata hivyo, si mfalme wala Büring aliyewahi kufika China. Walichokuwa nacho ni picha zilizochorwa juu ya vikombe, vitambaa na makaratasi ya ukutani, na kwa kiasi kikubwa picha hizo nazo zilikuwa zimebuniwa na Wazungu wenzao. Ramani ya jengo haikutoka China hata kidogo. Ilitokana na banda la bustani lililojengwa 1738 huko Lunéville, Ufaransa ya leo, na msanifu Emmanuel Héré kwa ajili ya Stanisław Leszczyński, aliyekuwa mfalme wa Poland kabla ya kupewa utawala wa Lorraine. Banda hilo lilikuwa na umbo la jani lenye ncha tatu za mviringo, nalo ndilo lililofuatwa Potsdam.

Ramani hiyo ndiyo sehemu ninayoitetea kwa nguvu zangu zote. Katikati kuna ukumbi wa mviringo. Kuuzunguka ukumbi kuna vyumba vitatu vidogo vilivyofungwa kwa kuta, na kati ya chumba kimoja na kingine kuna baraza iliyo wazi, hivyo mtu anayelizunguka jengo hukutana na chumba, kisha baraza, kisha chumba, mpaka arudi alipoanzia. Paa la baraza hushikwa na nguzo za mchikichi, na paa la vyumba hulala juu ya kuta. Juu ya ukumbi wa katikati kuna kuba, na juu ya kuba kuna mnara mfupi uliozungushiwa madirisha yanayoteremsha mwanga ndani.

Mpangilio huu una faida ambayo picha haionyeshi. Vyumba vitatu vyenye kuta hufanya kazi kama miguu mitatu mipana: hulizuia jengo lisisukumwe upande wowote, na kwa hiyo nguzo za baraza zinabaki na kazi ya kubeba uzito wa paa peke yake, bila kupambana na upepo au mtikisiko. Ndiyo maana nguzo zile zinaweza kuchongwa kama miti, zikawa nyembamba na zenye mapambo, na jengo likasimama. Banda lililosimama juu ya nguzo tupu pande zote lingehitaji nguzo nene zaidi au mihimili ya mshazari kati yake, na uzuri wa mchikichi ungepotea. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Ziwa Tanganyika limelala ndani ya bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lililokuwa na ukubwa wa 6.8, lilitokea katika ziwa hili hili, na yeyote anayejenga Kigoma ajenge akijua kwamba litakuja jingine. Fundi alikuwa amepanga nguzo kumi na mbili na paa zito juu yake bila ukuta wowote. Tulipolitazama jengo la Potsdam kwa ramani yake badala ya rangi yake, alikuwa wa kwanza kusema kwamba kuta tatu zirudi.

Zilipoingia kuta, likaja swali la zielekee wapi. Pale Bangwe ziwa liko magharibi, na upepo wa mchana hutoka huko huko, lakini jua la alasiri nalo hutoka huko na mng'ao wake hupanda kutoka majini. Tuliielekeza baraza moja magharibi, ikiegemea kidogo kaskazini, na chumba kimoja kusini-magharibi. Sababu yake ni kwamba mwezi Juni jua huzama kaskazini ya magharibi, na mwezi Desemba huzama kusini yake. Msimu wa kiangazi, ambao harusi huwa nyingi, mtu aliyekaa kwenye baraza hiyo atalitazama jua likizama moja kwa moja mbele yake, na msimu wa mvua, kama Desemba, jua la jioni litakutana na ukuta wa chumba. Baraza mbili zilizobaki zinaangalia kusini na kaskazini-mashariki, na hapo ndipo wageni watakapokaa mchana wakipata kivuli huku upepo ukipita ukumbini.

Kuhusu jiko, Potsdam ilitusaidia kumaliza mabishano. Mama alitaka chumba kimoja kiwe jiko la kuchomea migebuka, kwa hoja kwamba mgeni hapendi kusubiri samaki anayetoka mbali. Friedrich naye alikula kwenye banda lake, lakini mwaka 1763 jiko lilijengwa kama jengo la pekee hatua chache pembeni, moshi na harufu vikabaki huko. Mama alikubali jiko litengwe upande wa mashariki, ambako upepo wa mchana utasukuma moshi mbali na banda. Chumba alichokuwa amekitengea jiko kimekuwa chumba cha bibi harusi kuvalia.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, inafaa kumtaja dada yake Friedrich, Lovisa Ulrika, aliyekuwa malkia wa Sweden. Katika siku yake ya kuzaliwa mwaka 1753, mumewe, Mfalme Adolf Fredrik, alimpa banda la Kichina katika bustani ya kasri la Drottningholm. Lilikuwa limeundwa kwa mbao kwa siri mjini Stockholm, likasafirishwa na kusimamishwa bustanini bila yeye kujua. Mtoto wao Gustav, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alivalishwa kama mwana wa mfalme wa China ndipo akamkabidhi mama yake funguo. Baada ya miaka kumi unyevu ulikuwa umeziozesha mbao, na jengo jipya lililobuniwa na Carl Fredrik Adelcrantz likaanza kujengwa 1763, likamalizika 1769. Hilo la pili ndilo lililopo mpaka leo. Zawadi ile ilipendeza kwa siku moja na ikaoza katika muongo mmoja, katika nchi isiyo na mchwa wa kwetu. Nilisema wazi kwamba banda la Bangwe lisiwe na mbao chini ya kiwango cha paa, hata ziwe za mkurungu, na kwamba mbao za kenchi zitiwe dawa kabla ya kupauliwa.

Sasa paa, ambalo ndilo lililotuchukulia muda mrefu kuliko mambo mengine yote. Paa la Potsdam ni kama hema lililopinda taratibu kutoka mnara wa juu mpaka ukingoni, likifuata jani lile la ncha tatu. Mafundi wa mfalme walikuwa na muda na vifaa vya kulifunika umbo hilo. Fundi wa Kigoma anatumia bati, na bati halipindi pande mbili kwa wakati mmoja. Ili kufuata ncha tatu za mviringo angelazimika kulikata vipande vya pembetatu na kuviunganisha kimoja kimoja, na kila paa la ncha moja linapokutana na jirani yake panatokea bonde ambalo maji ya pande mbili hukusanyika. Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka mapema Mei, na mara nyingi hushuka kwa kishindo. Kila anayejenga hapa anajua kwamba paa huvuja kwenye bonde kabla ya kuvuja mahali pengine popote. Mabonde matatu juu ya ukumbi wa harusi ni matatu mengi mno.

Suluhisho ni kuachilia paa lisifuate kuta. Chini, kuta na baraza zinabaki na umbo la jani la Potsdam, na juu yake linakaa paa moja la pembe kumi na mbili, lenye mteremko mmoja kila upande na lisilo na bonde hata moja, likivuka kuta kwa mita moja na zaidi. Kofia za bati hufunika kila mgongo. Mtu aliyesimama bustanini ataona kivuli kipana chenye baraza zinazoingia na kutoka ndani yake, na maji yatateremka ukingoni bila kupitia mahali pa hatari. Mnara wa juu tumeubakiza, lakini badala ya vioo utawekewa luva, yaani vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa, kwa sababu kwetu hewa ya moto inayopanda inahitaji pa kutokea kuliko tunavyohitaji mwanga wa ziada. Utatengenezwa kwa mbao nyepesi na bati, ili kitu kilicho juu kabisa kisiwe kizito siku ardhi itakapotikisika.

Sheria nayo ilikuwa na lake la kusema. Mama alitamani banda likae karibu na maji, ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata kama sheria isingekuwepo, aliyeona jinsi maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda miaka michache iliyopita na kumeza maeneo ya ufukweni asingeshauri vinginevyo. Kiwanja kinapanda, hivyo banda lililorudi nyuma limepata pia kuinuka, na mandhari ni mapana zaidi ya yale ambayo yangepatikana chini.

Nguzo ndizo zilizoleta kisa chote, na hapa nilisimama upande wa mama bila kusita. Zile za Potsdam ni za jiwe la mchanga lililopakwa dhahabu, na waliozichonga waliijua mitende na michikichi kwa picha. Ukizitazama kwa karibu utaona mti wa ndoto: shina laini, jani limepangwa kwa nidhamu ya mapambo. Mchikichi halisi hauko hivyo. Matawi yakikatwa, vikonyo vyake hubaki vimeshika shina kwa miaka mingi, na vikonyo hivyo havikujipanga ovyo. Vinapanda kwa mshazari kulizunguka shina katika mistari inayofuatana, na mti mmoja mistari yake huelekea kulia wakati jirani yake, wa mbegu zile zile, huelekea kushoto. Kijana anayekwea kuangusha mikungu ya mise, yaani chikichi, huijua mistari hiyo kwa nyayo zake. Fundi plasta aliyepewa kazi hii amekulia kwenye michikichi ya Ujiji, na alipoambiwa achore kikonyo kimoja kwenye udongo, alikichora na ule mkato wa panga usio sawa, upande mmoja juu na mwingine chini.

Ujenzi wenyewe ni wa kawaida. Nguzo ni ya zege yenye nondo nne na ringi, itakayomwagwa ndani ya bomba na kufungwa kwenye linta, yaani mhimili wa zege, inayozunguka jengo zima. Zege likishakomaa, hupakwa plasta nene, na plasta ikiwa bado mbichi vikonyo huchongwa kwa mwiko mdogo kuanzia chini kwenda juu, kwa kamba iliyozungushwa kuonyesha mshazari. Majani ya juu yasichomoze sana, kwa sababu plasta inayoning'inia bila nondo huanguka. Kwenye baraza moja mistari inakwenda kulia, kwenye baraza ya pili inakwenda kushoto, na kwenye ya tatu imechanganywa kama ilivyo shambani.

Sanamu zilihitaji busara zaidi kuliko ufundi. Kuizunguka Nyumba ya Kichina kuna sanamu za watu, zenye ukubwa wa binadamu na zilizopakwa dhahabu, kazi ya wachongaji Johann Peter Benckert na Johann Gottlieb Heymüller. Baadhi zimekaa chini ya nguzo zikinywa chai na kula matunda ya mbali, nyingine zimesimama zikipiga ala za muziki. Zimevaa kofia na majoho yanayodhaniwa kuwa ya China, lakini nyuso ni za Ulaya, kwa kuwa wakazi wa Potsdam ndio waliosimama mbele ya wachongaji. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika jengo lile. Walitaka kuionyesha nchi ya mbali, na walipofika kwenye uso wa mtu, ambao hauwezi kubuniwa kutoka kwenye kikombe, walilazimika kuwatazama majirani zao. Hivyo, chini ya dhahabu, jengo linalojiita la Kichina limehifadhi nyuso za watu wa Potsdam wa miaka ya 1750 ambao majina yao hatuyajui.

Kwa kufuata hoja hiyo, nilipendekeza sanamu za watu wa hapa: mama akikamua mawese, mvuvi na karabai yake. Mama alikataa, na sababu yake ilikuwa nzito. Familia nyingi zitakazokodi bustani zinatoka Ujiji, nazo ni za Kiislamu, na wapo wazee ambao hawatakubali kufungishia ndoa mahali palipozungukwa na sanamu za watu. Bustani ya mfalme haikuwa na mteja wa kumridhisha, hii inaye. Tulikubaliana kwamba chini ya kila nguzo patafinyangwa mkungu wa mise badala ya mtu, na kwamba hakuna mahali patakapowekwa kiumbe chenye uso. Kwa sababu hiyo hiyo yule Mchina wa dhahabu mwenye mwavuli, anayekaa juu ya paa la Potsdam, hakupata mrithi. Ncha ya mnara itafungwa kwa kofia ya bati tu.

Ilibaki dhahabu, na mama hakuiacha kwa urahisi. Dhahabu ya Potsdam ni ya kweli, imebandikwa kwa karatasi nyembamba mno, na inadumu kwa sababu ina watu wa kuitunza. Bustani na makasri yale yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1990, na kati ya 1990 na 1993 jengo hili lilifanyiwa ukarabati mkubwa. Rangi ya dhahabu ya kopo, ikipigwa na jua na mvua za Kigoma, hufifia na kugeuka kahawia yenye madoa ndani ya misimu michache, na nguzo yenye vikonyo ina mikunjo mingi mno ya kupakwa upya. Tulijaribu kwenye kipande cha plasta: nusu tukaipaka rangi ya dhahabu, nusu tukaichanganyia udongo wa manjano ndani ya plasta yenyewe ili rangi iwe mwilini mwa nguzo. Kipande kiliachwa nje. Shemeji, aliyekuwa ameukataa mradi tangu mwanzo, ndiye aliyekuwa akienda kukiangalia, naye ndiye aliyetoa hukumu kwamba ile ya udongo ibaki, kwa kuwa haitamdai fedha za rangi kila mwaka. Mama alikubali kwa sharti moja: kingo za mikungu ya mise, sita kwa jumla, zipakwe dhahabu, na zikififia zipakwe tena kwa gharama yake mwenyewe. Ramani imepelekwa manispaa kwa ajili ya kibali ikiwa na sharti hilo limeandikwa pembeni ya mchoro wa nguzo.